Tochi ya SureFire 6P ya zamani: toa globu, weka LED, na usiiunguze

Shemeji yangu ni dereva wa wawindaji, msimu ukifika anapotea huko Rungwa hata miezi mitatu, na miaka hiyo mteja mmoja wa Kimarekani wakati anaondoka akamwachia tochi ndogo nyeusi kama bakshishi. Ndogo ila ukiishika unaona kabisa hiki ni chuma, SureFire 6P. Akaitumia kama wiki mbili hivi, betri zikakata, akaja mjini kutafuta zingine, akatajiwa bei akacheka, tochi ikaingia kwenye droo na ikakaa humo zaidi ya miaka 10. Mwaka jana ndo akanikabidhi: "Shem, wewe si unachezea haya mambo, hebu iangalie kama inafaa kitu, haifai mpe mtoto achezee."

Inafaa sana aisee. Bodi ni aluminiamu iliyokerezwa, sredi zake bado zinazunguka kama zimepakwa siagi, kioo cha mbele ni cha Pyrex hakina hata mkwaruzo. Kilichopitwa na wakati ni utumbo tu. Ndani kuna kitu kinaitwa P60, yaani globu ya xenon imeshikana na riflekta yake kipande kimoja, inakula betri mbili za CR123A ambazo jumla ni volti 6, inatoa mwanga wa lumeni 65 na inakaa saa moja. Saa moja wandugu! Halafu betri zenyewe hazichajiki, unatupa. Kwa polisi wa Marekani anayenunuliwa betri na serikali hiyo ni sawa, kwa dereva wa Rungwa haiingii akilini.

Sasa kabla hatujafungua chochote. Kila mtu ukimwambia unabadilisha tochi iwe LED swali la kwanza ni "itakuwa na lumeni ngapi?" Mimi nasema hilo liwe swali la mwisho. LED ya kisasa ukiipa miliampia 350 tu, ambao ni moto mdogo kabisa, inakutolea zaidi ya lumeni 100, tayari umeshaipita ile globu ya zamani, na betri moja ya kuchaji yenye ujazo wa mAh 2,500 itakaa humo kama saa 7. Kwa hiyo kwenye mwanga umeshashinda kabla hujaanza. Kinachobaki ni vitu viwili ndo vinaua tochi za watu, joto na betri, na humo ndo nitakaa sana.

Kwanza hakikisha yako inafunguka

Uzuri wa hizi tochi za SureFire za zamani ni kwamba ule utumbo wa P60 unatoka mzima. Shika bodi, zungusha kichwa kinyume cha saa, kikitoka unaukuta umekaa kama kikombe, upande mmoja riflekta, upande mwingine springi mbili, ya nje kubwa na ya katikati ndogo. Ya katikati inagusa chanya ya betri, ile kubwa ya nje inagusa bodi, na bodi ndo hasi. Kumbuka hilo maana mbele tutalirudia.

Zinazokubali mtindo huu ni 6P, C2, Z2, G2, na ndugu zao warefu wa betri tatu kama 9P na C3. 6PX na G2X hapana, jina linafanana ila hizo zimejengwa kivingine na LED imeshafungiwa ndani ya kichwa, usinunue ya mtumba ukidhani utaifanyia haya. Halafu G2 ni ya plastiki ngumu, bodi mpaka kichwa. Plastiki haipitishi joto. Kama unayo G2 tafuta kichwa cha chuma au ubaki kwenye moto mdogo, ukiweka ampia 2 mle ndani unaipika LED kama yai.

Pima pia. Chukua vanieri, pima kipenyo cha ule mdomo wa P60, utapata kama milimita 26.5. Ukipata namba tofauti sana ujue una kopi, na kopi zipo nyingi, nazo nyingi tu zinakubali spea hizi hizi ila pima kabla hujaagiza.

Betri kwanza, LED baadaye

Watu wengi wananunua LED halafu ndo wanaanza kuhangaika na betri, wanageuza mambo. Betri ndo inaamua draiva gani uweke (draiva ni kile kisakiti kinachoipimia LED umeme wake), draiva ndo inaamua LED ipate kiasi gani.

Tundu la 6P limetengenezwa kwa betri ya CR123A ambayo ni nene kama milimita 17. Maana yake 18650, ile betri tunayoijua wote ya pawabanki na laptop, haiingii, inagoma pale mlangoni kabisa kwa sababu ina milimita 18 na ushee. Una njia tatu.

Njia ya kwanza, 16650. Ni lithiamu ion kama 18650 ila nyembamba, milimita 16, urefu 65, inaingia 6P bila kugusa kitu. Uwezo wake ni mAh 2,000 mpaka 2,500. Hizi madukani kwetu hutazikuta, utaagiza, na ukiagiza chukua yenye ulinzi ndani na yenye chuchu juu, maana springi ya katikati ya hizi P60 wakati mwingine haifiki kwenye betri bapa. Usije ukaziba hiyo nafasi kwa kasumaku, naona watu wanashauri hivyo, kasumaku kakihama kidogo tu unapata shoti ya moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu uliyoifungia kwenye bomba la chuma, na bomba la chuma lililofungwa pande zote sihitaji kukwambia linaitwaje likipasuka.

Njia ya pili, kukereza tundu lipanuke liwe kama milimita 18.7, 18650 iingie. Wenzetu nje wanafanya sana. Mimi nilimpelekea fundi wa kukereza pale Gerezani, akaizungusha mkononi, akachungulia ndani, akaniambia hili naliweza ila bodi ya mviringo laini hivi ikiteleza kwenye makucha ya mashine nakurudishia chuma chakavu, na pale kwenye sredi ukuta unabaki mwembamba. Nikamshukuru nikaondoka nayo. Nilichokuwa nakifuata ni mAh 1,000 za ziada tu, haikuwa na thamani ya kuharibu kitu cha mtu.

Njia ya tatu ni zile betri fupi za kuchaji zenye umbo la CR123A, unaweka mbili. Hapo kaa chonjo, kila moja ikijaa ina volti 4.2, mbili ni 8.4, na draiva ninayoielezea hapa chini itakufa siku hiyo hiyo. Ukitaka njia hiyo nunua draiva ya kushusha volti iliyoandikwa mpaka 9V, na usichanganye betri nzima na iliyochoka, iliyochoka inaburuzwa mpaka inaanza kutoa moshi. Hilo la kutochanganya linahusu hata zile CR123A za kutupa.

Na betri feki jamani. 18650 ya ukweli nyingi ni kati ya mAh 2,500 na 3,500, ukiona imeandikwa 9,800 huo ni ushairi. Mimi nimeshauziwa moja Kariakoo kwenye kibanda, rangi nzuri inameta, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ikasoma gramu 29. Betri ya ukweli ya saizi hiyo ina gramu 45 na kuendelea. Nilivyoifungua nikakuta kibetri kidogo kimezungushiwa unga mweupe, sijui chokaa sijui nini. Kwa hiyo mizani ni kifaa cha fundi wa tochi, usiidharau.

LED na draiva

Kwa tochi ya mtu anayefanya kazi porini nilichagua LED ya Nichia 519A ya 4500K (K ndo rangi ya mwanga, ikipanda mwanga unakuwa wa kibluu). Zipo zenye nguvu zaidi, SST-40 ya Luminus kwa mfano inatema mwanga mwingi mno, ila mwanga wake ni mweupe wa hospitali na inataka ampia nyingi ambazo kichwa cha 6P hakiwezi kuzipoza. Sifa ya 519A ni rangi. Ina CRI ya zaidi ya 90, yaani kitu kinaonekana rangi yake halisi. Globu ya zamani, pamoja na ubovu wake wote, ilikuwa nzuri sana kwenye hili, na ukiitoa ukaweka LED ya bei rahisi ya 6500K utashangaa waya wa bluu na wa kijani chini ya boneti vinafanana, udongo na majani makavu rangi moja, nyoka na kijiti ndo kabisa. Kwenye vumbi na ukungu mwanga ule mweupe wa kibluu nao unakurudia usoni kama umewasha ful mbele ya ukuta.

519A ina umbo la mraba wa milimita 3.5, kwa hiyo inakaa kwenye kibao (kisahani cha chuma kinachobeba LED) chochote kilichotengenezewa LED za umbo hilo, wauzaji wanaliita XP. Kibao ndo kitu cha kutokufanyia ubahili. Chukua cha shaba nyekundu ambacho tumbo la LED linasoldiwa kwenye shaba yenyewe moja kwa moja, wauzaji wanakiita DTP, kipenyo milimita 16. Vile vibao vyeupe vya aluminiamu vya bei ya chee vina utando kati ya LED na chuma, na huo utando ni blanketi.

Draiva ni ya chipu za 7135, kipenyo milimita 17. Kila chipu inapitisha miliampia 350 haijali betri imejaa au imepungua, kwa hiyo hesabu ni ya shule ya msingi: chipu nane ni ampia 2.8, sita ni 2.1. Nilinunua ya nane nikang'oa mbili. Kwa nini nipunguze kitu nilichokilipia? Kwa sababu ampia 2.1 kwa volti 3.1 hivi ni wati 6.5, na sehemu kubwa ya hizo wati inakuwa joto, na hii tochi inashikwa mkononi haina mapezi ya kupoza. Mwanga unaoupata ni lumeni kama 500 na ushee, macho yako hayawezi kutofautisha na 650, ila mkono utatofautisha. Hizi chipu zinakubali mpaka volti 6, CR123A mbili mpya zinazidi hapo kidogo, ndo maana nasema ukishaweka draiva hii ni betri moja ya lithiamu ya kuchaji basi.

Kuhusu programu ya ndani ya draiva, ikija na Biscotti chukua, ina makundi 12 ya modi na unaweza kuiondolea ule upuuzi wa kuwaka-zima-waka-zima ambao huku kwetu kazi yake ni kuumiza vichwa tu. Nilimwekea shem modi tatu, ndogo, kati, kubwa. Angalia pia iwe inashusha mwanga yenyewe betri ikifika kama volti 3, la sivyo utaiua betri kwa kuikamua.

Kilichobaki ni P60 tupu, wanaiuza AliExpress ikiwa haina kitu: riflekta, springi zake, na kile kipande cha brasi cha katikati ambacho wapenzi wa tochi wanakiita kidonge. Chukua riflekta yenye vipele, siyo laini, 519A kwenye riflekta laini inakupa pete pete zisizo na mpango. Ongeza pesti ya joto ile ya prosesa za kompyuta, waya wa silikoni namba 22, risasi ya kusoldia yenye mchanganyiko wa 63/37, flaksi (ile dawa ya kuifanya risasi ishike), tepu ya shaba, na kadude kembamba ka plastiki ka kukaa katikati ya LED na riflekta. Hako kadude kana senti chache na ndo kalikonitia hasara, nitakuja.

Kusoldia LED kwa pasi ya nguo

Kibao cha shaba kinanyonya joto vibaya, ukikigusa na kisoldia cha wati 30 risasi inaganda pale pale. Mafundi wenye pesa wana sahani ya moto. Mimi nina pasi. Ile pasi kavu ya zamani isiyo na mvuke, unaigeuza kichwa chini, unaibana katikati ya matofali mawili isitikisike, unaifungulia mpaka mwisho pale kwa kitani. Risasi ya 63/37 inayeyuka nyuzi 183, pasi inafika hapo bila shida, isiyo na risasi halisi inataka 217 na hapo pasi inaweza kukuangusha. Mama watoto aliponikuta alisimama mlangoni akaangalia, akasema "Hiyo pasi sasa ni yako," na kweli ilibidi ninunue nyingine.

Kwenye kibao kuna vitanda vitatu, cha katikati kikubwa ni cha joto, viwili vya pembeni ni chanya na hasi. Paka flaksi, weka risasi kidogo sana kwenye kila kimoja, kidogo kuliko unavyofikiri, kisha weka LED juu ukiangalia alama ya hasi. Kishushe kibao kwenye pasi kwa kibano. Sekunde kadhaa hakuna kinachotokea, flaksi inaanza kutoa kamoshi, halafu ghafla risasi inang'aa kama zebaki na LED yenyewe inajivuta, inazunguka kidogo na kukaa katikati kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Hiyo ni risasi yenyewe inaivuta. Hapo iguse juu na ncha ya kibano, taratibu, mara moja. Ikizama kidogo na vijipunje vya risasi vikatokea pembeni ndo imekaa chini kabisa. Toa kibao kwa kukisukuma pembeni, usikinyanyue kwa juu, acha kipoe chenyewe usipulize.

Futa vile vipunje, kisha ijaribu na betri mbili za AA zilizofuatana, volti 3, inatakiwa kuwaka kidogo. Isipowaka geuza nyaya. Ikiwaka baada ya kugeuza basi uliiweka kinyume au alama umezisoma vibaya, bora ujue sasa hivi.

Kuunganisha kidonge

Soldia nyaya mbili kwenye draiva, urefu sentimita 3 au 4, ukifupisha sana utalia. Pitisha nyaya kwenye matundu ya kidonge, ikalishe draiva kwenye kitako chake. Sasa ile duara ya nje ya draiva ni hasi na lazima ishikane na brasi. Piga msasa ukingo wa brasi ung'ae, paka flaksi, tumia kisoldia cha wati 60 chenye ncha nene, shika hapo hapo mpaka risasi itambae yenyewe kwenye brasi, siyo ikae juu kama tone la uji. Fanya sehemu tatu au nne kuzunguka. Tochi nyingi za kutengeneza zinazopepesa ukizitikisa ugonjwa wao uko hapa na kwingine hakuna.

Geuza upande wa pili. Pesti ya joto kiasi cha punje ya mchele, kibao juu yake, kikandamize ukikizungusha kidogo mpaka usikie kimekamata. Soldia chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hizi solda ziwe bapa, chini kabisa, waya uingie kwa ubavu na usisimame. Nasema hivi kwa uchungu maana mara ya kwanza kabisa niliacha kisolda kimoja kimesimama kama kichuguu, na kile kadude cha plastiki nikaona hakina umuhimu, nikafunga riflekta ikabana kile kichuguu. Riflekta ni aluminiamu, imeshikana na kidonge, kidonge ni hasi, kichuguu ni chanya. Niliwasha, haikuwaka, nikabonyeza tena kama mjinga, tena, mpaka nikasikia bodi ina uvuguvugu upande wa betri na siyo upande wa kichwa. Draiva ilikuwa imeshakwenda, na betri niliitoa nikaiweka nje kwenye mchanga nikaiangalia kwa mbali nusu saa nzima. Kwa hiyo kadude ka plastiki lazima, halafu kabla ya kufunga betri weka mita kwenye mlio, gusa riflekta na gusa solda ya chanya. Ikilia, fungua.

Zungusha riflekta taratibu hadi iguse plastiki. Ukimulika ukutani ukaona katikati kuna giza kama andazi lenye tundu, LED iko chini au juu ya mahali pake, ongeza au punguza unene wa plastiki.

Joto lazima lipate njia

Hapa ndo wanaonunua utumbo wa tayari wanapokosea pia, hata ukinunua ile M61 ya Malkoff ya Marekani ambayo ni brasi nzito na imemiminiwa gundi ndani, ni kitu kizuri sana na kama hutaki kusoldia nunua tu, ila nayo inataka njia ya joto. Ukiingiza P60 yoyote kwenye kichwa cha 6P kuna upenyo kati yake na ukuta. Huo upenyo umejaa hewa. Globu haikujali, yenyewe ilirusha joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hairushi joto mbele, inalisukuma nyuma kwenye kibao, kibao kwenye kidonge, kidonge kinatafuta pa kulipeleka kinakuta hewa.

Kata tepu ya shaba vipande, zungushia riflekta na kidonge mzunguko mmoja mmoja, ukijaribu kuingiza kila mara, mpaka uione inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, haichezi na haigomi. Huna tepu ya shaba, chukua foili ya aluminiamu ya jikoni, ikunje mara nne, inafanya kazi karibu sawa, ila ibane vizuri. Ikigusa springi kubwa ya nje hakuna tabu, hiyo ni hasi na bodi ni hasi. Isifike ile ya katikati tu.

Sasa jaribio, na hili wengi wanalisoma kinyume. Washa moto mkubwa dakika tatu, shika kichwa. Kikiwa cha moto, hongera, joto linatoka. Kikiwa baridi na mwanga umeanza kufifia au kugeuka kibluu, joto limekwama ndani na LED inaiva, zima rudi kwenye foili. Tochi inayochemka mkononi ndo tochi nzima. Ikifika kiwango cha kushindwa kuishika shusha modi, hakuna zaidi ya hapo, na ndo sababu niling'oa zile chipu mbili.

Kupima na kumalizia

Ondoa kifuniko cha mkia, weka mita kwenye ampia 10, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ukingo wa bodi pale penye chuma tupu. Betri ikiwa imejaa utasoma 2.0 mpaka 2.1. Ukisoma nusu yake, ama uko modi ya kati ama ile solda ya kwenye brasi ni mbovu ama betri ni ya unga. Ikiruka juu na mwanga hakuna, toa ncha haraka, una shoti.

Kuna wanaopitisha waya juu ya springi ya mkia ili umeme usipotee njiani. Kwa ampia 2 sikuona tofauti ya maana, nikaiacha. Ukiweka ampia 4 fanya.

Mkia wa 6P wa asili ni wa kubonyeza na kuachia, ukitaka iwake moja kwa moja unauzungusha. Modi zinabadilika kwa kubonyeza haraka haraka, unazoea. Sredi zifute kwa spiriti na kitambaa, ile mipira ya kuzuia maji ipake grisi ya silikoni kidogo, mimi vaselini siitumii maana kwa joto inageuka maji na kutambaa mpaka kwenye sehemu za umeme. Chaja iwe ya lithiamu inayokata yenyewe kwenye 4.2, siyo waya mbili za chaja ya simu. Na nilimkataza shem kuiacha kwenye dashibodi ya Landkruza saa saba mchana, jua la kule linaivisha betri kabla tochi haijawashwa.

Ile P60 ya zamani sikuitupa. Ipo kwenye kimkebe na CR123A mbili mpya, zinakaa hata miaka 10 bila kupoteza nguvu nyingi, betri ya kuchaji ikimfia huko anazungusha kichwa, anabadilisha utumbo mzima kwa dakika moja. Tatizo pekee ni kwamba akiweka zile mbili kwenye LED yangu draiva inakufa, kwa hiyo kwenye ubavu wa kidonge nimeandika kwa makapeni BETRI MOJA TU, na kwenye kimkebe HII NDO YA BETRI MBILI. Alivyosoma akaniuliza, "Sasa gizani nitasomaje haya?" Nikamwambia awashe simu.